MAONI YETU: MAHINDI YA UKUNGU YASILIWE, YASIUZWE



Safari hii hatuandiki habari za bei ya ufuta wala za magunia ya korosho. Tunaandika habari ya ini. Tunajua wako watakaosema, "Ini na ushirika wapi na wapi?" Wasome mpaka mwisho, ndipo waseme.

Kila msimu tunafanya jambo moja ambalo sote tunalijua na hakuna anayelisema. Tukishapukuchua mahindi, tunachambua. Mazuri yanatiwa gunia la kuuza. Yaliyobunguliwa na yenye ukungu yanarudi nyumbani. Mengine tunakula sisi na watoto, mengine wanapewa kuku, na yaliyoharibika kabisa yanapelekwa kwenye pombe. Tunajiambia eti moto utaua kila kitu. Sisi tunasema hapana, moto hauui. Mahindi hayo yana sumu, na sumu hiyo imekwisha kuua Watanzania wenzetu.

Mwaka 2016, kuanzia mwezi wa Juni, watu walianza kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kule Chemba, Kondoa na Kiteto. Macho yakawa manjano, matumbo yakajaa, miguu ikavimba, wakatapika. Mwanzoni watu walishangaa ni ugonjwa gani huu. Wataalamu walipochunguza wakakuta ni sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu au ukungu katika nafaka. Hadi Novemba waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walikufa. Wenzetu wa Kenya yaliwapata makubwa zaidi mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, waliokufa 125. Ilionekana kuwa mahindi mengi yaliyowadhuru walikuwa wameyalima wenyewe na kuyaweka nyumbani yakiwa na unyevu. Hawakupewa sumu na adui. Wahenga walikwisha sema, kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa kwa nini sumu hii ikimbilie ini? Hapa tunaomba msikilize vizuri.

Ini ni kama ghala la mapokezi. Karibu kila tunachokula, na dawa tunazomeza, kikitoka tumboni damu hukipitisha kwanza kwenye ini. Pale hupokelewa, huchambuliwa, huvunjwavunjwa. Kinachofaa huruhusiwa kwenda mwilini, kisichofaa hutengenezwa kitoke kwa mkojo au kwa njia ya choo. Kazi hiyo ndiyo inayotuweka hai. Lakini kwa sumukuvu mambo yanageuka. Ini linapoivunja ili liitoe, kinazaliwa kipande kikali kuliko sumu yenyewe ilivyoingia. Kipande hicho hakiendi mbali. Kinanasa palepale kilipozaliwa, katika chembechembe za ini, mpaka kwenye ile mbegu ya urithi inayoiongoza chembe namna ya kuishi na kuzaliana. Ni sawa na mtu anayepasua gogo kwa shoka, kibanzi kikamrukia yeye mwenyewe jichoni.

Mungu hakuliacha ini bila ulinzi. Lina akiba yake inayokamata vibanzi hivyo na kuvitoa nje. Lakini akiba ina mwisho. Mtu akila sumu nyingi kwa siku chache, akiba inakwisha na ini linakufa upesi: ndiyo manjano ile, ndiyo vifo vile vya 2016. Akila kidogo kidogo miaka nenda rudi, haumwi leo wala kesho, ila chembe zilizojeruhiwa zinaweza kuja kuwa kansa ya ini baada ya miaka mingi. Na mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, kwake sumukuvu ina nguvu ya kuleta kansa kiasi cha mara 30 kuliko kwa asiye navyo. Ndiyo maana tunawaambia akina mama wasikose chanjo za watoto. Chanjo ya homa hiyo imo katika chanjo za watoto wa nchi hii tangu mwaka 2002.

Hebu tuongeze na hili. Vidonge vya parasetamoli navyo hupita njia hiyohiyo. Ukimeza kwa kipimo, ini linamudu. Ukizidisha, sehemu ya dawa ikivunjwa inageuka sumu na kuimaliza akiba ileile. Kwa hiyo mtu akionekana macho ya manjano asikae nyumbani akimeza vidonge na kunywa mizizi. Apelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye yale ya kujiambia. Kwanza, moto. Ugali ukichemka joto lake ni kama la maji yanayochemka, kiasi cha nyuzi 100. Sumukuvu inahitaji joto kubwa zaidi ya hapo ndipo ivunjike. Kuvu lenyewe litakufa, sumu itabaki. Pili, pombe. Ukitengeneza kimea cha nafaka mbovu, sumu inaingia kwenye pombe, na pombe yenyewe inalichosha ini. Tatu, kuku. Kuku na bata nao wana maini. Huko Uingereza mwaka 1960 walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na hapo ndipo dunia ilipoanza kuijua sumu hii. Nne, mama anayenyonyesha. Akila sumukuvu, ini lake linaivunja, na sehemu yake inatokea katika maziwa. Mtoto hajaonja ugali, lakini amekwisha onja sumu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Jambo linalotusikitisha ni hili. Dawa ya kupulizia mikorosho tunaiogopa kwa sababu kopo lake lina picha ya fuvu. Tunaifungia mbali na watoto. Nani atachora fuvu kwenye debe la mahindi? Hakuna. Na sumukuvu haina harufu. Hata punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo, sembuse ile iliyoota ukungu wa kijani na manjano.

Na sisi wa pwani hii tuko karibu na hatari. Kuvu linapenda joto na unyevu, na vyote viwili tunavyo. Mtakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua ile, barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga. Mahindi na karanga vikilowa wakati kama ule, mchana jua, usiku mvua, kuvu linafanya sherehe.

Kazi ya kufanya tunaijua, haihitaji mtambo. Mahindi, karanga na makopa tuanike juu ya turubai, mkeka au chanja, si juu ya ardhi tupu. Tuyachambue kabla ya kuyaweka. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mwenye uwezo anunue mifuko ya kinga njaa, lakini atie nafaka iliyokauka sawasawa. Kupima ukavu ni rahisi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu kidogo, ongeza mahindi, funga, tikisa, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Yarudi juani.

Lakini ndugu zetu, maneno haya yatakuwa matupu tukiishia hapo. Mwambie bibi mwenye wajukuu wanne atupe debe la mahindi mwezi wa pili, wakati ghala limebaki vumbi. Atakutazama tu. Atakuuliza, "Nikitupa, tule nini?" Ana haki ya kuuliza hivyo. Mwenye njaa leo hawezi kuogopa kansa ya miaka ishirini ijayo. Kwa hiyo jawabu haliko kwa bibi, liko kwetu sote.

Tunapendekeza mambo matatu yafikishwe kwenye mkutano mkuu wa wanachama. La kwanza, ushirika ununue maturubai ya kuazimana kwa zamu kabla ya mavuno. La pili, kila mwanachama aweke debe moja la mahindi makavu ghalani, na yeyote atakayeleta mahindi ya ukungu apewe safi badala yake, debe kwa debe, bila kuulizwa maswali ya kumwaibisha. Mabovu yachomwe au yafukiwe shimoni, pasipofikiwa na kuku. La tatu, tupige marufuku kuchanganya mabovu na mazuri ili gunia lijae. Mahindi yetu yanapakiwa hapa njiapanda yanakwenda Masoko na kwingineko. Huko nako kuna watoto.

Wako watakaosema debe moja ni hasara. Tunawauliza: mgonjwa mmoja wa ini kumpeleka hospitali, nauli, dawa, na mtu wa kumuuguza aliyeacha shamba, ni madebe mangapi?

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya mwaka 1975 iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Ilisema kweli. Nasi tunaongeza: chakula kilichooza si uhai, na ushirika usiolinda maini ya wanachama wake unalinda magunia tu.

Aliyesoma amsomee asiyejua kusoma. Mwenye maoni tofauti aje nayo mkutanini, tutamsikiliza.

Sisi wana kamati ya gazeti la ukutani,
Nangurukuru.