MASHAURI YA NYUMBANI: Kumkanda Tumbo Mgonjwa Aliyefunga Choo

Mwezi huu twanena habari ambayo watu wenye adabu huiepuka, nayo ni ya mgonjwa asiyepata choo. Msidhani kwamba tumekosa haya. Haya ndiyo iliyotufanya tuandike.

Siku moja tulikwenda kumtazama mzee wa ukoo wetu, aliyelazwa katika hospitali moja mjini Moshi kwa kuvunjika paja. Mguu ulikuwa umevutwa kwa uzito, naye alikuwa amelala chali majuma mawili. Mkwewe aliteremka kutoka Kibosho na mtori wa moto. Mzee akashukuru, akaonja vijiko viwili, akasema ameshiba. Mkwewe alipotoka, tukamsogelea, tukauliza, “Baba, choo unapata?” Akageuzia uso ukutani. Kisha akasema polepole, “Leo siku ya tisa, mwanangu. Nitamwambiaje mke wa mwanangu aniletee chombo? Afadhali nisile.” Tena wauguzi walimwuliza kila asubuhi, naye kila asubuhi akajibu kwamba amepata.

Kwa ruhusa yake tukamwambia mwuguzi. Tabibu akaja, akampima tumbo, akahakikisha kwamba utumbo haukuziba, akampa dawa ya kulainisha choo na kumwagiza anywe maji. Kisha mtaalamu wa viungo akamfundisha mwanawe, si mkwewe, jinsi ya kumkanda. Siku ya pili jioni mzee akaomba chombo mwenyewe. Kesho yake akaomba mtori. Ni dawa, ni maji, au ni mkono? Hatuwezi kuvitenga, maana vyote vilikwenda pamoja.

Mwaweza kuuliza, kwa nini wagonjwa hufunga choo? Utumbo husukuma chakula kwa kujikaza na kujilegeza, na mtu asiyeinuka kitandani utumbo wake hulegea. Akinywa maji machache, choo hukauka. Dawa nyingine za maumivu huzidisha tabu. Mofini wanayopewa wenye saratani hupunguza sana mwendo wa utumbo, kwa hiyo matabibu huitoa pamoja na dawa ya kulainisha choo.

Sasa njia ya kukanda. Utumbo mpana umelala tumboni kama mfongo uliochimbwa kando ya mlima: waanza chini upande wa kuume, wapanda mpaka chini ya mbavu, wakata juu ya kitovu kwenda kushoto, kisha wateremka. Mkono na ufuate njia hiyo hiyo, kama maji yaendavyo; mtu hazibui mfongo kwa kuyarudisha maji kwenye chanzo. Kwanza mgonjwa akubali, wala asiwe ametoka kula sasa hivi. Alale chali, magoti yamekunjwa kidogo kama hali yake yaruhusu. Nawa mikono, ipashe moto, paka mafuta kidogo. Pitisha kiganja taratibu, kwa uzito usiomwumiza, dakika 10 au 15, mara moja kwa siku. Akikunja uso, acha.

Lakini mkono huu una mpaka, na hapa twawasihi msome mara mbili. Msimkande kamwe mgonjwa ambaye tumbo lake limevimba na kuwa gumu, au anatapika, au hapitishi hata upepo, au ana homa na maumivu makali, au atoa damu. Hizo zaweza kuwa dalili za utumbo ulioziba au kujisokota, ugonjwa ambao si mgeni katika Afrika Mashariki, nao huua upesi usipotibiwa hospitalini. Kukanda, kumnywesha mitishamba, au kumpiga bomba nyumbani ni kupoteza saa za kumwokoa. Wala msimkande tumbo mwenye mimba, mwenye ngiri, mwenye uvimbe tumboni, au aliyepasuliwa tumbo karibuni, ila tabibu akiruhusu.

Je, jambo hili limepimwa? Ndiyo. Huko Umeå, Sweden, watafiti waligawanya watu 60 waliofunga choo katika makundi mawili. Kundi moja walikandwa dakika 15 kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa majuma 8. Habari yao ilichapishwa mwaka 2009: waliokandwa walipata nafuu na kwenda choo mara nyingi zaidi, walakini dawa zao hazikupungua. Na katika Uingereza wagonjwa 191 wenye maradhi ya mishipa ya fahamu walipimwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti ya wazi katika kipimo kikuu. Basi kukanda ni msaidizi wa dawa, si mrithi wake.

Kwa hiyo, ninyi mnaopanda na kushuka na vyombo vya chakula, iwe Machame, Kibosho, Kilema au Mawenzi, mtori wenu ni mwema, lakini chukueni pia papai, parachichi, mboga na maji, mkiuliza kwanza kama mgonjwa ameruhusiwa. Katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, hufundishwa elimu ya viungo. Huko na kwingineko mwombeni mtaalamu awaonyeshe kwa macho haya tuliyoyaandika kwa wino.

Tena chagueni mapema nani wa kumwuliza mgonjwa habari ya choo. Baba aulizwe na mwanawe wa kiume au ndugu yake. Mama na aulizwe na binti au dada. Mzee wetu hakukosa chakula, dawa, wala watu wa kumpenda. Alikosa mtu mmoja ambaye angeweza kumjibu kweli, na kwa ajili hiyo akakaa siku tisa na njaa mbele ya chungu kilichojaa.