AKIBA YA MFANYAKAZI NA ARDHI YAKE



Tangu mgodi wa titani wa Kwale usimamishe uchimbaji Desemba 2024, kuna wafanyakazi waliobaki na kitu kimoja mkononi: malipo ya kuachishwa kazi. Wenye maneno matamu hawakawii kuzinusa fedha kama hizo. Hapa Waa swali ni moja: ziwekwe wapi? Tena twahimizwa kuziweka katika shughuli zisizoharibu ardhi, bahari na misitu. Ni nini kitakachomvuta mtu kufanya hivyo?

Twasema wazi. Mtu wa mshahara mdogo hatoi akiba yake kwa kuipenda miti tu. Kwanza, ataka mtaji wake urudi. Pili, ataka kuiona kazi kwa macho yake. Tatu, ataka kuwaamini walioshika daftari. Na kwa wengi wetu wa pwani liko la nne: hatutaki riba. Hayo yakitimia, mapenzi ya mazingira huja, na hudumu.

Tazameni Gazi na Makongeni. Tangu mwaka 2013 wanavijiji wanalinda hektari 117 za mikoko katika mpango wa Mikoko Pamoja. Hewa ya ukaa ambayo mikoko huivuta na kuifukia matopeni hupimwa, na hati zake huuzwa ng'ambo. Mnunuzi hapati gawio. Anunua kwa kuwa hesabu ipo. Fedha zimeleta maji na vitabu vya shule, na wanavijiji huamua matumizi mkutanoni. Ndiyo sababu ulinzi haukufa.

Lakini milango mingine haikufunguliwa kwetu. Hati ya kwanza ya mkopo wa kijani nchini, mwaka 2019, ya shilingi bilioni 4.3 za kujenga nyumba za wanafunzi, iliuzwa kwa wawekezaji wakubwa. Hati ya serikali ya M-Akiba, mwaka 2017, ilinunuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000. Hiyo ilikuwa ya riba, na haikuwa ya mazingira. Ila ilionyesha kwamba mlango mdogo wawezekana.

Kwa hiyo twadai: vyama vya akiba na mikopo, pamoja na wasimamizi wa fedha za uzeeni, watueleze kila mwaka fedha zetu zafanya kazi gani, zimezaa nini, na zimeiacha ardhi katika hali gani. Mwanachama naye asitie sahihi mahali asipoonyeshwa vitabu. Jina la kijani si dhamana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Umoja ni nguvu.