Kidokezo ni Amana

Masika yakishika Itungi na Kyela yote, watoto hukaa ndani jioni nzima, na mzazi asiyewatafutia la kufanya ataona simu ndiyo imekuwa mlezi. Wiki hii tunapendekeza Hanabi, mchezo wa karata wa Mfaransa Antoine Bauza uliotoka mwaka 2010 na kupata tuzo ya mchezo bora wa mwaka nchini Ujerumani mwaka 2013. Hauna dau, basi haumo katika kamari. Wala hauna mpinzani: wachezaji wawili hadi watano hushinda au hushindwa pamoja.

Vipande 50 vya boksi vyatosha. Rangi ni tano, na kila rangi ina 1 tatu, 2 mbili, 3 mbili, 4 mbili na 5 moja tu. Kazi ni kupanga mezani kila rangi kwa mfuatano, 1 hadi 5. Ugumu ni kwamba kila mtu hushika karata zake zikiwatazama wenzake. Yeye mwenyewe hazioni. Kwa zamu, mchezaji hutoa kidokezo, hutupa karata, au huiweka mezani. Kidokezo hugharimu punje moja ya kakao kati ya nane. Kutupa karata hurejesha moja. Wakikosea mara tatu kuweka karata, wote wameshindwa.

Sheria za kidokezo ni tatu. Kwanza, mtajie mwenzako mmoja rangi moja au namba moja tu. Pili, mwonyeshe karata zake zote zenye sifa hiyo. Ana nyekundu mbili nawe ukamwonyesha moja, umemdanganya kwa nusu ya ukweli. Tatu, usikonyeze, usikohoe, usikunje uso.

Hiyo ya tatu ndiyo huwashinda wazazi. Kama hapana mpinzani, kukonyeza kunamdhuru nani? Kunamdhuru yule yule anayesaidiwa. Mtoto aliyezoea kusoma uso wa mama badala ya kufikiri, atautafuta uso huo hata katika chumba cha mtihani. Na aliyefundishwa kuwa kanuni hulegezwa nia ikiwa njema, kesho atailegeza kwenye mizani ya mpunga.

Basi mwacheni akosee. Msimkemee, muulizeni alikielewaje kidokezo. Mara nyingi mtagundua kwamba aliyekitoa ndiye aliyepaswa kuchagua vizuri zaidi.