Mbwa Mwitu Hana Wakili

Yupo mnyama katika mkoa wetu wa Morogoro aliyekwisha kuhukumiwa bila kusikilizwa, naye ni mbwa mwitu. Huku chini ya milima ya Uluguru kila mtu ana kisa chake, na aghalabu msimuliaji hajapata kumwona hata mara moja.

Tuanze na jina. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walimkuta katika maandiko mnyama wa Palestina na Ulaya asiyekuwako kwetu, wakamvika jina la mbwa mwitu. Tangu hapo dhambi zote za yule wa mbali, pamoja na za manabii wa uongo, zimemwangukia huyu wa Mikumi. Nilifundisha walimu miaka mingi, na kila nilipouliza habari za mnyama huyu nilijibiwa kwa mahubiri.

Ati ni mkatili, humrarua swala angali hai. Ni kweli, wala hana kucha za chui za kumkamatia. Lakini wakisha kuua, wakubwa hungoja watoto wale kwanza, na aliyebaki pangoni kulea huletewa nyama tumboni mwa wenzake, wakamtapikia. Hebu, ndugu msomaji, nitajie nyumba ngapi unazozijua ambamo baba hungoja watoto washibe ndipo aguse minofu!

Wafugaji wana malalamiko, nami siyapuuzi. Mbuzi mmoja ni ada ya shule. Walakini mbuzi aliyeachwa porini na mtoto wa miaka saba, usiku akalazwa katika zizi lisilo na miiba, ataliwa na fisi au chui pia. Mbona hao hatuwaiti manabii wa uongo?

Na nani amemwambukiza nani? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makundi yaliyokuwa yakichunguzwa Serengeti yalitoweka. Wataalamu wakagombana: hawa wakataja kichaa cha mbwa, wale wakawalaumu watafiti kwa kuwakamata na kuwachanja. Ugomvi huo nawaachia wenyewe. Lakini mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua yapata theluthi moja ya simba wa huko, na lawama ziliwaendea mbwa wetu wa vijijini. Ilipofika 2012 ndipo mbwa mwitu walipoanza kurudishwa hifadhini kutoka Loliondo. Wamarekani nao, baada ya kuwamaliza wa kwao pale Yellowstone, mwaka 1995 iliwabidi kuagiza wengine Kanada.

Afrika nzima sasa hawafiki 7,000. Selous ya zamani, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ni mojawapo ya ngome zao kubwa, na jirani yake ni Mikumi, iliyopasuliwa kilometa 50 na barabara kuu ya Iringa. Dereva wa basi apunguze mwendo pale. Abiria hawatakufa kwa kuchelewa nusu saa. Na mwenye mbwa pale Doma ampeleke akachanjwe. Wangu wawili wamechanjwa, na vyeti vyao ninavyo.