USHURU WA FORODHA HAULIPWI NA MGENI

Katika mikutano ya matawi yetu, viwandani na kwenye mashamba ya miwa na chai, liko neno moja linalosikika mara kwa mara. Mwenzetu husimama akasema: serikali iongeze ushuru kwa mali ya nje, wageni walipe, sisi tupate kupumua. Watu humpigia makofi. Hatumlaumu ndugu huyo, maana anachokitetea ni kazi yake na chakula cha watoto wake. Lakini gazeti la wafanyakazi lisipowaambia wafanyakazi kweli, litamwambia nani? Na kweli yenyewe ni hii: ushuru wa forodha haulipwi na mgeni.

Hebu tufuate mzigo mmoja njiani. Lori linafika Malaba au Busia likiwa na mali iliyonunuliwa ng'ambo. Yule aliyeiuza amekwisha kulipwa bei yake, yuko kwao. Anayekwenda kwa maofisa wa forodha ni mwagizaji, yaani mfanyabiashara wa hapa hapa aliyeileta mali hiyo, au wakala wake. Yeye ndiye anayetoa fedha, na fedha hizo huingia katika hazina ya nchi yetu. Asipolipa, mzigo haupiti. Akishalipa, hurudi dukani akachukua kalamu na kujumlisha: bei ya kununulia, nauli, ushuru na faida yake. Jumla hiyo ndiyo bei anayoikuta mama sokoni.

Mfano tunao kwa jirani zetu wa Rwanda. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana kwamba nguo na viatu vya mitumba viachwe pole pole, ili viwanda vyetu vya nguo vipate kuinuka. Mitumba hiyo ndiyo sisi Uganda twaiita mivumba, na Wanyarwanda huiita caguwa. Mwaka huo huo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka robo dola au chini yake kwa kilo hadi dola 2.50 kwa kilo. Wengi walisema: vyema, sasa Wazungu wanaotuletea nguo zilizokwisha kuvaliwa watalipa.

Tupige hesabu. Tuchukue robota moja la kilo 45, lenye mashati kama 150. Kwa kiwango cha zamani, ushuru wa robota zima haukuzidi dola 11 na robo. Kwa kiwango kipya ukawa dola 112 na nusu. Gawanya kwa mashati 150: kila shati limebeba ushuru wa robo tatu ya dola, ambapo zamani lilibeba senti saba au nane tu. Je, ni mkusanyaji wa nguo kuukuu wa Marekani aliyelipa hizo robo tatu? La hasha. Alilipa mwagizaji wa Kigali, akamdai mchuuzi, naye mchuuzi akamdai kibarua aliyetaka shati la kuendea kazini. Mchuuzi aliyeshindwa kumdai kibarua alifunga kibanda chake. Nguo nyingine zikaanza kupita kwa magendo kutoka Kongo. Tukumbuke kwamba wengi katika hao wachuuzi wa mivumba, Kigali hata Kampala, ni wake zetu, dada zetu, na wenzetu walioachishwa kazi viwandani.

Hatusemi haya kuicheka serikali ya Rwanda. Ilikuwa na shabaha, na shabaha ya kujenga viwanda si mbaya. Sisi wafanyakazi twavikumbuka viwanda vya nguo vya Afrika Mashariki, kama Nytil wa Jinja, Mwatex wa Mwanza, Kicomi wa Kisumu, vilivyodhoofika au kufungwa katika miaka ya 1980 na 1990. Twajua pia kwamba mitumba haikuviua peke yake. Palikuwa na upungufu wa umeme, vipuri na pamba, na palikuwa na uongozi mbaya. Tunachosema ni kwamba mwenye kutaka kujenga kwa fedha za watu na awaambie watu kuwa ni fedha zao.

Sasa tutazame upande wa pili, maana kisa hiki hakikuishia Kigali. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kiliishtakia serikali yao hatua hiyo ya Afrika Mashariki. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikakataa. Tarehe 30 Julai 2018 Marekani ikaiondolea Rwanda ruhusa ya kuingiza nguo zilizoshonwa bila ushuru, ruhusa iliyokuwa chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Biashara yenyewe haikuwa kubwa, takriban dola milioni moja na nusu kwa mwaka. Lakini kwa cherehani zilizokuwa zikishona nguo hizo, ilikuwa ni kazi.

Hapo tena watu wakasema: sasa Rwanda italipa ushuru Marekani. Nalo si kweli. Ushuru wa Marekani hulipwa na mwagizaji wa Marekani katika bandari za Marekani. Fulana ya pamba wakati huo ilitozwa huko asilimia 16 na nusu. Kama fulana ilinunuliwa Kigali kwa dola 4, mwagizaji huyo alilipa senti 66. Basi, atasema mtu, hilo latuhusu nini sisi? Latuhusu sana, kwa kuwa mwagizaji huyo anayo njia ya kukimbilia. Atamwambia mwenye kiwanda wa Kigali: nipunguzie bei, au nakwenda kununua Kenya ambako hakukuwa na ushuru huo. Mwenye kiwanda naye humgeukia mshonaji: hakuna saa za ziada mwezi huu, au hakuna kazi kabisa. Mshonaji amgeukie nani?

Hii ndiyo kanuni tunayoomba kila mwenzetu aishike. Anayelipa kwanza ni mwagizaji. Lakini mzigo hauketi kwake. Hutelemka kutoka kwa mwenye njia ya kukwepa hadi kwa asiye na njia, na huyo mara nyingi ni mnunuzi maskini upande mmoja wa mpaka na mfanyakazi upande wa pili. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Wala kosa hili si letu peke yetu. Wamarekani wenyewe waliambiwa na Rais wao, Donald Trump, kwamba ushuru alioweka mwaka 2018 ulikuwa ukilipwa na China. Wachumi waliochunguza bei za mwaka ule walikuta kwamba karibu mzigo wote uliwaangukia waagizaji na wanunuzi wa Marekani. Mashine za kufulia nguo ni mfano mzuri. Zilipowekewa ushuru Januari 2018, bei yake ilipanda kwa kiasi cha asilimia 12. La ajabu ni kwamba bei ya mashine za kukaushia nguo ilipanda pia, ingawa hizo hazikuwekewa ushuru wowote, kwa sababu wenye viwanda na maduka huziuza mbili pamoja na waliona nafasi. Wataalamu wa Benki Kuu ya Marekani na wa Chuo Kikuu cha Chicago walikisia kwamba ajira zipatazo 1,800 zilipatikana, na kwamba kila ajira moja iliwagharimu wanunuzi karibu dola 815,000 kwa mwaka. Hakuna mfanyakazi wa kiwanda aliyelipwa mshahara wa namna hiyo. Basi fedha nyingine zilikwenda wapi?

Swali hilo hatuna budi kuliuliza hapa kwetu. Katika Jumuiya yetu sukari itokayo nje imo katika orodha ya bidhaa nyeti, na ushuru wake ni asilimia 100, ingawa serikali huruhusiwa kuupunguza wakati wa upungufu. Huo ni ukuta mrefu. Twakubali kwamba ukuta huo unalinda kazi za wenzetu wengi mashambani na viwandani. Lakini ukuta unapomzuia mgeni, mwenye kiwanda aliye ndani hupata nafasi ya kuuza kwa bei ya juu kuliko ambayo angeuza pasipo ukuta. Mkata miwa anayetoka shambani jioni huinunua sukari dukani kwa bei hiyo hiyo. Yeye analipa ukuta kila siku kwa kikombe chake cha chai. Je, mshahara wake umepanda kwa sababu ya ukuta? Kama umepanda, na tuonyeshwe. Kama haukupanda, basi fedha za ukuta zimekwenda mfukoni mwa mtu mwingine, na mtu huyo hakai ng'ambo. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Tunaandika haya si kwa kujifurahisha. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza Mbale kwamba mivumba ipigwe marufuku nchini ili viwanda vyetu vipate soko. Neno hilo limekwisha kusemwa mara nyingi Afrika Mashariki, na bila shaka litasemwa tena. Siku litakaporudi, wenye viwanda watakuja kwetu wakitaka tupige makofi pamoja nao. Tusiwakatalie kwa pupa, wala tusiwapigie makofi kwa pupa. Tuwaulize maswali matatu.

La kwanza, ushuru huu ni wa muda gani? Mtoto hushikwa mkono ajifunze kutembea, hashikwi mpaka azeeke. Mwenye kiwanda aseme atanunua mitambo gani na lini, na serikali iseme ni mwaka gani ulinzi utakoma.

La pili, sehemu ya mfanyakazi ni ipi? Kama wananchi wote wataongezewa bei ili kiwanda kisimame, basi nyongeza ya mishahara na idadi ya kazi ziandikwe katika mkataba wa hali bora za kazi, kwa tarakimu, kabla ushuru haujapandishwa. Ahadi ya mdomo tumekwisha kuila mara nyingi, nayo haishibishi.

La tatu, asiye na uwezo atavaa nini? Kibarua anayepata ujira wa kutwa hununua mivumba kwa kuwa hana fedha za nguo mpya. Ukimwondolea mivumba bila kumwongezea ujira, na bila shati la kiwandani la bei anayoiweza, umemtoza kodi yeye hasa. Na wale akina mama wa vibanda vya Owino waambiwe watafanya kazi gani.

Pengine wako watakaotuambia kwamba maswali haya yanamsaidia mgeni. Sivyo. Mgeni hana habari nayo. Yanamsaidia yule anayelipa, naye ni sisi. Mtu akidhani kwamba mwingine ndiye alipaye, haulizi hesabu. Akijua kwamba ni fedha yake, huuliza ilikokwenda, na huuliza kwa sauti.

Ndugu wafanyakazi, katika mkutano ujao wa tawi, mwenzenu atakaposimama na kusema wageni walipe, msimzomee. Mpeni kalamu na karatasi. Mwambieni apige hesabu ya robota moja, kilo 45 mara dola 2.50, agawanye kwa mashati 150, kisha awatazame waliomo ukumbini na aseme ni nani kati yao aliyevaa shati hilo.