Mama asisahaulike mtoto anapopelekwa kliniki

NCHINI Kenya, mtoto hupelekwa kliniki kupata chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18. Kila mara hupimwa uzani na mama kupewa tarehe ya kurudi. Lakini mama mwenyewe, hata kama alisumbuliwa na shinikizo la damu alipokuwa mjamzito, huenda akarudi nyumbani bila kuulizwa hali yake.

Pengo hilo ni la hatari. Kisukari cha ujauzito kwa kawaida hutulia baada ya kujifungua, lakini humwacha mwanamke katika hatari kubwa ya kupata kisukari cha kudumu. Aliyepata shinikizo la damu akiwa mjamzito naye huweza kuugua moyo miaka mingi baadaye. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa wanawake 355 hufariki kutokana na uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Mimba ijayo huanza na afya aliyobaki nayo mama baada ya ile iliyotangulia.

Mwaka 2005, wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) walipendekeza mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Safari zote hizo tano za chanjo zimo ndani ya kipindi hicho.

Huko Marekani, madaktari wa familia wa mtandao wa IMPLICIT huwauliza akina mama waliowaleta watoto kliniki kuhusu mambo manne: uvutaji sigara, sonona, upangaji uzazi na matumizi ya vidonge vya vitamini vyenye asidi ya foliki. Maswali hayo hayahitaji mashine wala maabara.

Kenya nayo ina pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufunza madaktari wa familia mwaka 2005, na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ilipitishwa mwaka 2023. Hata hivyo, madaktari hao wangali wachache mno kumwona kila mama. Njia iliyopo ni muuguzi anayechanja amuulize mama na kumpima shinikizo la damu, naye daktari wa familia awapokee watakaopatikana na matatizo na kuwafuatilia hadi mimba ijayo.

Kijitabu kinachobebwa kliniki huitwa cha Mama na Mtoto. Kurasa za mama zisifungwe siku anapojifungua.