Krismasi Hii, Bisha Hodi kwa Jirani

Ndugu wananchi wa Kuresoi, Desemba imefika. Watoto wamefunga shule. Ndugu walioko Nakuru, Kericho na Nairobi wanapiga simu kuuliza nauli ni pesa ngapi. Sokoni Keringet na Olenguruone watu wanauliza bei ya mbuzi na ya unga wa chapati. Ni majira mazuri, na tuyapokee kwa shukrani.

Lakini hebu tuulizane, kama watu wa nyumba moja: furaha tunayoitafuta iko wapi? Mbona mtu anaweza kula akashiba, akavaa nguo mpya, akacheza muziki hadi alfajiri, kisha tarehe 26 akaamka moyo hauna kitu? Na mbona mama mwingine, aliyepika viazi na kabeji tu, analala ametulia?

Jibu tumekuwa tukisomewa kanisani miaka yote. Wakatoliki huiita Jumapili ya 3 ya Majilio Jumapili ya Furaha, na siku hiyo huwasha mshumaa wa rangi ya waridi. Kila baada ya miaka 3, Injili ya siku hiyo huwa ni ile ya Luka sura ya 3, habari za Yohana Mbatizaji kule jangwani. Humo hamna karamu wala ngoma. Kuna watu wanaouliza: tufanye nini? Yohana anawaambia kwamba mwenye nguo 2 ampe asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Watoza ushuru anawataka wasitoze zaidi ya kiwango. Askari anawataka wasimdhulumu mtu, waridhike na mshahara wao.

Haya ndiyo yanayosomwa siku ya furaha. Iwe wewe ni wa Katoliki, AGC, AIC, PCEA au kanisa jingine lolote, maneno hayo ni yetu sote. Furaha ya Mungu humwingia mtu anapomtendea jirani yake wema na haki.

Tuanze nyumbani, na tuanze na hiyo nguo. Sisi tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya ukingo wa Mau tunaijua, hasa saa kumi na moja asubuhi, mtu akitoka kwenda kukama. Huku kwetu sweta si pambo. Je, kuna koti ndani ya sanduku ambalo mtoto wako ameliacha kwa kuwa amekua? Lifue, likunje vizuri, kisha umpeleke mtoto mwenyewe akampe mwenzake. Usimtume na mtu mwingine. Mtoto aliyetoa kwa mkono wake hukumbuka siku hiyo kuliko zawadi aliyopewa.

Kisha chakula. Wengi wetu hatuna pesa nyingi, lakini debe la viazi halikosekani, wala chupa ya maziwa. Nani katika kijiji chako atakula peke yake siku ya Krismasi? Ni mzee ambaye wanawe hawakupata likizo? Ni mjane? Ni kijana kibarua aliyetoka mbali, ambaye hana nauli ya kurudi kwao? Mwongezee kiti mezani. Chakula cha watu 6 hutosha watu 7, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu hiyo.

Na tukumbuke Januari. Karo inatungoja, na mbegu na mbolea pia. Baba na mama wakikaa pamoja mapema, wakaandika pesa zitumike ngapi na zibaki ngapi, sikukuu itakuwa na amani. Furaha isiyoacha deni hudumu.

Tuje kazini. Yohana hakumwambia mtoza ushuru aiache kazi yake. Alimwambia aifanye kwa haki. Basi wewe unayenunua viazi shambani, kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Je, unaweza kuifanya hiyo kuwa zawadi yako ya Krismasi kwa mkulima, ukapakia kilo 50 bila lumbesa? Nawe karani unayepima majani chai kule Kiptagich, soma mizani mbele ya mkulima, na umsomee kwa sauti yule asiyeona vizuri. Mwenye duka, bei ya sukari uliyouza Novemba, ukiweza, iuze hivyo hivyo Desemba.

Madereva na makondakta wetu, ninyi ndio mnaotuletea watoto wetu nyumbani. Tunakumbuka asubuhi ya 31 Desemba 2017, pale Migaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, basi na lori yalipogongana na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Walikuwa wakisafiri msimu kama huu. Endesheni polepole, mpumzike mkichoka. Nasi abiria tuwaunge mkono: tusimharakishe dereva, na tukubali kufika tumechelewa.

Liko jambo moja zaidi, na huku kwetu ni la maana kuliko mengine. Milima hii yetu imewahi kulia. Tulilia mwaka 1992 majirani walipogeukiana kwa mapigano ya kikabila, tukalia tena uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulipofanyika siku 2 tu baada ya Krismasi. Nyumba ziliteketea, na familia nyingi zikalala kwenye viwanja vya makanisa. Miaka ile ya tisini, Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, alisimama hadharani kuwatetea waliofukuzwa makwao. Milango ya kanisa ilifunguliwa, na hakuna aliyeulizwa kwanza lugha ya mama yake.

Leo tunaishi pamoja tena, Wakipsigis, Waogiek, Wakikuyu, Wakisii na wengine. Tunauziana ng'ombe, watoto wetu wanasoma darasa moja. Hiyo ni neema, na neema hutunzwa. Tutaitunza vipi?

Kwaya zetu zitembeleane. Kwaya ya kanisa moja ikaimbe katika kanisa la pili, na wimbo mmoja angalau uimbwe kwa lugha ya wenyeji wao. Wazee wa kanisa na wa mtaa wapange siku moja ya kula pamoja, hata tarehe 26 ambayo pia ni ya mapumziko. Kila nyumba ilete ilichonacho: mursik, irio, matoke, chai. Vijana wa bodaboda wawapeleke wazee na kuwarudisha. Na kama kuna jirani ambaye hamjasalimiana tangu ugomvi wa mpaka au wa ng'ombe aliyeingia shambani, nenda mwenyewe ubishe hodi. Huhitaji hotuba. Salamu na kikombe cha chai vinatosha kuanzia.

Nawaomba basi, ndugu zangu, kila nyumba ichague mambo 3 kabla ya Krismasi: kitu kimoja cha kutoa, haki moja ya kutenda kazini, na mlango mmoja wa kubisha. Yasemeni mezani leo jioni, watoto wakisikia, ili wawakumbushe mkisahau. Nina hakika mtayaweza, kwa kuwa mengi ya haya mmekuwa mkiyafanya bila kuambiwa na mtu. Mungu azibariki nyumba zenu, na awape Krismasi njema.